Madirisha Matatu Juu ya Ua Wangu

Jumatatu, 3 Machi 1952
Nimefagia ua. Nimeanika mpunga kabla mafundi hawajapanda. Zimebaki siku ishirini na nane za eda. Sitoki, sionekani na mwanamume asiye maharimu. Kwa marehemu mume wangu nisingefanya pungufu. Lakini eda yangu imekutana na ghorofa ya Bwana Jivan, jirani yetu. Wameanza kuta za juu. Mafundi wako kwenye jukwaa la miti, wanaona hadi ndani ya sufuria yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Madirisha matatu. Yote yanatazama uani kwangu. Nafua nimejitanda khanga mbili, jasho linanitoka. Nina hasira. Mama aliniachia vyumba sita na ua, na ua ndio nusu ya nyumba.

Jumatano, 12 Machi
Tekla amehama. Yeye na mumewe, watu wa Songea, walipanga chumba cha uani miaka minne. Bafu letu halina paa. Jana akioga, fundi mmoja alipiga mluzi toka juu. Amelia, nami nimelia. Wamekwenda Ilala.

Jumamosi, 15 Machi
Kaka Shabani kaja na dalali. Nimekaa nyuma ya pazia. Dalali anasema ghorofa imeinua mtaa, viwanja vyote vimepanda bei. Na nyumba? Nyumba haina bei, itabomolewa. Kaka akamhakikishia kuwa eda ikiisha nitaweka dole gumba. Dole gumba! Mimi ninayemwandikia barua zake zote! Anauza nyumba yangu nami nimo ndani.

Nikapaza sauti: "Kaka, nyumba kaniachia mimi mama."

"Maliza eda kwanza, mdogo wangu. Haya mambo tuachie sisi."

Jumanne, 18 Machi
Mvua. Maji ya ghorofani kwao yote yanamwagika kwangu. Ilipokatika, nikangoja jua. Ukuta ule unalizuia hadi saa tano. Mpunga umeanza kunuka.
Natembea toka jikoni hadi mlango wa nyuma, nageuka, natembea tena. Kuuza? Nimewaza. Kweli nimewaza.

Alhamisi, 20 Machi
Mke wa Bwana Jivan amepita mlango wa nyuma kunipa pole ya msiba. Miezi mitatu na zaidi! Nilitaka kumnunia. Badala yake nikamshika mkono, nikamsimamisha katikati ya ua, nikamwambia atazame juu. Nikamweleza kwamba siku ya kutoka eda nitaogeshwa hapa hapa, kama alivyoogeshwa mama. Akayatazama madirisha yake kwa muda mrefu.

"Dada, kule juu hatukuona hivi," akasema.

Nikamsindikiza hadi mlango wa nyuma.

Jumatano, 26 Machi
Sina utulivu. Kaka kaagiza mtu aniambie yeye na dalali watakuja Jumatatu, saa nne, na karatasi ya mauzo.

Jumatatu, 31 Machi
Eda imekwisha. Somo yangu aliyenifunda, na majirani, wamekuja alfajiri na mashuka ya kunizibia. Wakayakunja tena. Jukwaa tupu, hakuna fundi hata mmoja. Madirisha yote matatu yamefunikwa sari: nyekundu, kijani, manjano. Nikaogeshwa kwa raha zangu. Kisha nikamlilia mume wangu kwa sauti, vile nilivyotaka siku zote hizi.
Saa nne nikatoka mwenyewe barazani, nimevaa buibui jipya. Nikawaambia siuzi. Nikamwomba dalali kalamu yake, na juu ya karatasi yao nikaandika neno hilo hilo, herufi kubwa. Kaka akainamia viatu vyake. Dalali akasema nitajuta. Huenda.

Ijumaa, 4 Aprili
Sari zimetolewa. Mafundi wamerudi. Madirisha yako palepale. Chumba cha Tekla kitupu bado.
Jua limefika saa tano, likaangukia mbele ya mlango wake. Nimehamishia jamvi la mpunga pale. Leo ningeweza kwenda sokoni, hakuna wa kunizuia. Nimekaa kibarazani kwa Tekla, nangoja mpunga ukauke.