Kompyuta Iliyonyamaza na Kunde za Mutomo

Mwaitu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Uingereza, ambako baridi haijanipa nafasi ya kuvua sweta tangu mwezi wa kumi. Hujambo mama yangu? Mguu umepona ama bado unakusumbua ukienda kanisani? Mvua imefika Mutomo? Mbuzi je, wamezaa? Mimi ni mzima, Mungu ni mwema, ila kifua kinanisumbua kidogo. Kaka Kioko ameniandikia kwamba umemaliza darasa la ngumbaru na siku hizi unasoma bila kusaidiwa. Nilifurahi mpaka nikaimba peke yangu jikoni. Kwa hivyo barua hii nimeiandika pole pole, kwa herufi kubwa, na hakuna mtu katikati yetu.

Nataka kukuambia habari ya safari yangu ya Roma.

Unajua namsaidia profesa mmoja anayechunguza mbegu za nchi kavu. Zile kunde alizochukua Kioko kwako zikapandwa kwenye shamba la utafiti kule Kiboko, hesabu zake zote ziko kwa kompyuta yetu. Kompyuta ni mashine ya kuandika na kuhesabu, ina kioo kama televisheni, lakini kidogo tu, kama kisahani cha chai. Hii yetu wanasema ni ya kubebwa. Mama, waliosema hivyo hawajaibeba! Ni nzito kama debe la maji, na ukiifunga inafanana na cherehani ndani ya sanduku lake. Profesa ndiye aliyepaswa kuipeleka Roma, kwa mkutano wa watu wanaochagua mbegu za kupewa wakulima. Siku mbili kabla ya safari mgongo ukamlaza kitandani. Akaniambia, "Mbithe, utaenda wewe."

Nilifika uwanja wa ndege mkono umekufa ganzi. Askari akaniuliza, "Unapeleka wapi cherehani?"

"Ni kompyuta."

"Basi iwashe nione."

Tukatafuta umeme, watu wa nyuma wakiguna. Kile kioo kilichukua muda wake, halafu maandishi ya kijani yakatokea: namba, na majina ya wenye mbegu. La kwanza lilikuwa lako. Kalekye, Mutomo.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni mama yangu."

Akacheka, akanipisha. Lakini mlangoni mwa ndege mhudumu akanikatalia. Mashine haikuingia chini ya kiti, wala juu haikuingia. Nikamsihi, nikamwambia nitaipakata kama mtoto. "Haiwezekani," akasema, "itaenda na mizigo." Nikaiona kwa dirisha ikirushwa juu ya mkokoteni. Safari yote sikugusa chakula chao.

Kufika Roma nikaiwasha. Kimya. Nikaichomoa, nikaichomeka tena, nikaomba. Kimya. Ukiitikisa, kitu kinacheza ndani kama mbegu kwa kibuyu. Disketi zake, vibamba vinavyotunza hesabu nje ya mashine, zilikuwa nzima, lakini mashine za pale ni za aina nyingine, hazikuweza kuzisoma.

Basi nikasimama mbele ya wale wakubwa mikono mitupu. Mwenyekiti akasema, "Bila hesabu hatuna la kujadili. Tumsikie anayefuata."

Nilikuwa nimeshaanza kuketi. Sijui ni nini kilinishika. Nikasema, "Hesabu zitakuja kwa posta. Lakini mbegu yenyewe naijua, nimekua nayo."

Nikawaeleza unavyoketi mlangoni, ungo magotini, ukiziacha zile nono na kuchukua ndogo za madoa, kwa sababu hizo hukomaa hata mvua ikikatika mapema. Nikawaambia juu ya majivu unayochanganya, na kibuyu kinachoning'inia juu ya moto ili moshi ufukuze wadudu. Mwaitu, harufu ya jikoni kwetu ilinijia pale pale, moshi wa kuni na mahindi ya muthokoi yakichemka.

Ndipo mama mmoja akauliza, "Na mwaka wa njaa ukija, mbegu hizo haziliwi?"

Nikawaambia. Ule mwaka tuliokula matunda ya porini mpaka midomo ikapasuka, kibuyu kilikuwa kimejaa. Nilikuwa na miaka tisa. Nikapanda juu ya kiti kuzichukua, ukanishika mkono. Ukasema, "Hizi si chakula. Hizi ni mwaka ujao." Nami nikakuambia hutupendi, na kwamba heri ningezaliwa kwa mama mwingine. Mvua iliponyesha, majirani walikuja kwako na vibakuli, ukawagawia cha kupanda.

Hapo nikamaliza. Mwenyekiti akasema watangoja hesabu. Tulizituma, na wiki iliyopita jibu lilikuja: kunde zako zitapandwa kwa majaribio Kitui na Makueni, na jina la Mutomo litaandikwa juu yake. Mashine imetengenezwa, na profesa hakunikasirikia.

Nilidhani nitarudi kutoka Roma na furaha tu. Lakini ndani ya ndege nilikuwa nikitafuta kitu akilini na sikukipata. Nimetafuta hadi leo. Najaribu kukumbuka siku hata moja, mwaka ule wa njaa, niliyokuona ukila. Nakuona ukitupakulia. Nakuona ukiosha sufuria. Ukila sikuoni.

Lile neno nililokuambia, sikukuomba msamaha, si utotoni, si nilipokua. Nisamehe, mama.

Nisalimie susu, nyanya yetu, umwambie bado naota kwa lugha yake. Msalimu Kioko na mkewe, na dada yangu aliyeolewa Kikima, aniandikie kama mtoto ameanza kutembea. Na mchungaji wetu, mwambie hata huku naomba kwa Kikamba.

Ukinijibu, uandike kwa mkono wako mwenyewe, hata kama ni mistari miwili. Na ule vizuri.

Mimi mwanao akupendaye,
Mbithe