Kioo cha Jua na Kifua cha Kosmas

Jumatatu, 5 Juni 1995
Nimemwagilia kitalu cha kabichi. Saa tano jua lilipopasua ukungu nimefunika miche kwa majani ya migomba. Kisha nikapanda ngazi, nikakifunika pia kile kioo cha sola juu ya bati. Leo siku ya tisa tangu fundi akifunge. Kioo cheusi kile kinashika moto, jana kimenibabua kidole. Hata kinachokula jua kina kiasi chake. Saa kumi nimefunua vyote.

Taa imewaka. Kosmas hajakohoa. Miaka arobaini na moja nalala na mwanamume huyu, miwili ya mwisho nalala na kikohozi chake. Daktari alisema moshi wa kibatari ndio unaommaliza. Kwa hiyo kiwanda kilipomwachisha kazi mwanetu Deo, kwa kiinua mgongo chake alinunua kioo badala ya baiskeli aliyoitamani. Mtoto yule ana moyo. Sura ya baba yake, basi tu.

Jumatano, 7 Juni
Taa imefifia hatujamaliza rozari. Nyekundu kama kaa la moto. Jirani yangu Tekla anasema alijua: vioo hivi ni vya watu wa Dakawa, kwenye joto, huku mlimani ukungu unaviua. Nimemwambia akachambue mchicha wake.

Alhamisi, 8 Juni
Ukungu mpaka saa tano, halafu jua kali ghafla. Nimefunika haraka, jani juu ya jani. Nakitunza kama mwana.

Jioni taa haikuwaka kabisa. Tochi haina mawe. Nikawasha kibatari, utambi mdogo, nikakiweka mlangoni. Kosmas kakohoa mpaka macho yakamtoka. Nimekizima.

Ijumaa, 9 Juni
Gizani. Kosmas alitaka kutoka nje, akajikwaa kwenye kinu. Goti limevimba. Hakulalamika, na hilo ndilo limeniuma. Nimemkanda kwa maji ya moto huku namgombeza. Naogopa. Naandika hapa, simwambii mtu.

Kesho akina mama wanaoshusha kabichi sokoni watapeleka salamu kwa Deo. Fundi aje. Asipokuja, nabeba kioo kichwani mpaka Mikese nikakianike kwenye joto.

Jumapili, 11 Juni
Fundi Shabani kapanda mlima, kafika baada ya misa. Mtu mzima mwenye kitambi, shikamoo yake imetoka vipande vipande kwa kuhema. Kanikuta juu ya ngazi, majani mkononi.

"Bibi, unafanya nini huko?"

"Nakifunika kisiungue."

Kakaa chini kwenye jiwe. Hakucheka, angecheka ningemrushia jani la mgomba. Kanieleza polepole. Kioo hakili joto, kinakula mwanga. Jua haliwezi kukiunguza, kimetengenezwa kukaa juani. Ukungu nao haukiui, unakipunguzia chakula tu. Na zile saa ninazokifunika ndizo saa zake za kushiba. Betri imeshinda njaa wiki mbili, huenda imekufa. Tusiwashe chochote siku tatu, tuone.

Kwa hiyo ni mimi. Si ukungu. Mimi na majani yangu. Darasani sikuingia, nilipata kile kisomo cha watu wazima tu, lakini kitalu nakijua tangu utotoni. Nikadhani kila kilichowekwa juani ni mche.

Jumatatu, 12 Juni
Ukungu kutwa. Sikufunika. Nimetoka kukitazama mara sita, kama mgonjwa. Fundi kasema kinakula hata sasa. Sioni kinakula nini.

Kosmas kalala giza halijaingia. Kifua kinapiga filimbi. Sijamwambia kwamba ni mimi.

Jumanne, 13 Juni
Ukungu tena, na manyunyu. Tekla kapita, kasema si nilikwambia. Sikumjibu neno. Kaingiwa na hofu, kaniuliza kama naumwa.

Betri ikiwa imekufa hatuna nyingine. Deo hana kazi. Nitamlaza mume wangu saa kumi na mbili kila siku kama kuku, mpaka lini? Au nimrudishie moshi kwa mkono wangu?

Jumatano, 14 Juni
Ukungu, ila mwepesi kidogo mchana. Jioni nimebonyeza swichi nimefumba macho. Kosmas kasema fumbua.

Imewaka. Nyeupe.

Nimemwambia ukweli kabla sijakaa. Kasema alikuwa ananiona kila siku saa tano, lakini alidhani fundi ndiye kaniagiza. Yeye hofu yake ilikuwa ngazi. Usingizi wake wa mchana aliuacha, akawa anakaa dirishani mpaka nishuke. Mzee mzima, na kifua kile, sijui angenidaka na nini. Nimemwambia ni mjinga. Nikageuka kando nikapangusa macho.

Kanywa uji wote. Tekla kaja kuangalia, kakaa kidogo, kaondoka.

Sasa Kosmas kaegemea ukuta, anachambua maharage ya kesho. Mabovu huku, mazima kule. Hakohoi. Naviona vidole vyake.