Kushusha Upinde Mbele ya Watu

Jumatatu, 2 Juni

Nafasi kwenye timu ya upinde imebaki moja! Mimi au Twiga. Kocha ataamua Jumamosi ya wiki ijayo, kwa kutushindanisha mbele ya wazazi. Wazazi! Mimi ambaye mgeni akibisha hodi najifungia chumbani.

Twiga kanikumbatia, kasema tutapambana lakini urafiki uko palepale. Kwa urefu wake nilizama kwapani. Nampenda. Nataka kumshinda. Yote mawili ni kweli.

Jumatano, 4 Juni

Aibu gani hii. Kocha kaibandua karatasi ya shabaha kwenye bunda la nyasi — yangu tu, za wengine kaziacha — kasema nisimame karibu kabisa, nifumbe macho, nipige. Hakuna maduara, hakuna njano ya katikati. Nyasi tupu! Mmoja akauliza kama nimekuja kulisha ng'ombe. Nilicheka hata mimi. Ila baadaye, bafuni, peke yangu.

Lakini ajabu: macho yakiwa yamefumbwa nikaanza kuusikia mwili. Mguu wa mbele unabeba kila kitu, wa nyuma umekwenda likizo. Bega la kushoto linapanda kama linataka kuninong'oneza. Nikalishusha. Nikavuta kwa mgongo badala ya mkono, mpaka uzi wa upinde ukagusa kidevu na ncha ya pua. Vidole vikalegea vyenyewe. Pu! Mshale uliondoka bila hata kuniaga. Raha!

Alhamisi, 5 Juni

Karatasi imerudi. Na ugonjwa wangu wa siku zote umerudi. Nikiiona njano tu, vidole vinaachia kabla uzi haujafika kidevuni. Mishale kila mmoja na kwao.

Kocha akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini: ukihisi mambo hayajakaa sawa, kwa nini unapiga hivyohivyo? Si ushushe upinde, upumue, uanze upya?

Nilitazama viatu. Nitajibu hapa. Kwa sababu nikishusha wataniangalia. Watasema kashindwa. Afadhali nikose haraka kuliko kuanza upya polepole huku watu wananingoja. Basi, nimesema. Insha za shule naandika kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, na sidhani kama nimewahi kusema kweli hata moja humo.

Jumapili, 8 Juni

Mazoezi sebuleni mbele ya kioo cha kabati. Sina upinde nyumbani, natumia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Navuta, natulia, nashusha. Navuta, nashusha.

Kaka kapita na mkate mdomoni: we mdogo wangu, mbona huuachii? Unauonea huruma? Nikamwambia ndiyo zoezi lenyewe, kutoachia. Akasema kumbe na yeye bingwa, tangu azaliwe hajaachia mshale hata mmoja.

Bibi naye kwenye kiti chake: na huyo unayemlenga kwenye kioo kakukosea nini, mjukuu wangu? Mbona mzuri tu!

Nimecheka hadi mpira ukanichapa mkono. Alama ipo.

Jumatano, 11 Juni

NIMESHUSHA! Kwenye mstari, katikati ya wote. Nilivuta, bega likaanza tabia zake, nikarudisha uzi taratibu. Nikageuka kuona nani anacheka — hakuna! Kila mtu na mshale wake. Nilijiandaa kwa fedheha na fedheha haikutokea. Karibu nikasirike.

Aliyeona ni Twiga peke yake. Shosti, umefanyaje? Yeye akishavuta anaona kama hana ruhusa ya kurudi. Nikamwonyesha. Akavuta, akashusha, akavuta tena, akatia kwenye njano. Safi kabisa.

Nimejinolea kisu cha kunichinjia. Ningemnyima? Nisingeweza. Nilitamani kidogo, lakini nisingeweza.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwenye benchi, chini ya kibanda. Mvua! Kila kitu kimesimama.

Twiga na mimi tumelingana pointi. Ikabidi kila mmoja apige mshale mmoja wa mwisho, aliye karibu zaidi na katikati ndiye anayepata nafasi. Kocha kasema leo hatufukuzwi na saa. Twiga kapiga kwanza: mshale umo ndani ya njano, ukingoni.

Zamu yangu. Nikavuta. Safari hii hakukuwa na mwingine wa kutazamwa. Macho yote kwangu. Upepo ukanisukuma, nikashusha. Nyuma mama mmoja akasema, kaogopa mtoto wa watu. Masikio yaliwaka moto! Nikavuta tena. Tone la mvua likaniangukia kwenye kope. Nikashusha TENA. Mtu akaguna. Halafu mvua ikamwagika na wote tukakimbia.

Twiga yuko hapa ubavuni, tumejifunika sweta moja. Anasema anaomba nikose na anaomba nipate, hajui ipi itafika kwanza. Nikamwambia hata mimi nilipokuwa namtazama nilikuwa hivyohivyo.

Mvua inakatika. Kocha kaja na taulo, kaniinamia: nikipenda, atawaomba wazazi wapite ukumbini wanywe chai, nimalizie bila watu.

Nimemwambia wabaki. Ila awaambie wakae kabisa, wasisimame — huenda nikashusha tena.

Kacheka! Anakwenda kuwaambia. Wanavuta viti —