Nyanya Zilizosubiri Mazishi

Masafu, Busia, upande wa Uganda

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naanza na salamu za amani, na ninaomba barua hii ikukute umeketi barazani unapata jua la asubuhi, si kitandani. Magoti yanasemaje baridi hii ya Lushoto? Na macho? Mdogo wangu Shabani aliniambia kwamba siku hizi unaona mwanga wa mlango tu, na sura za watu unazijua kwa sauti. Nilipokata simu nilikaa chini palepale sokoni. Ulisema simu zangu zinakatika kila mazungumzo yanapoanza kunoga, na kwamba barua unaweza kuiweka chini ya mto na kusomewa tena. Basi hii hapa. Wewe Shabani unayeisoma, soma yote, usiruke mahali ukidhani mama ataumia. Nakujua.

Nianze na lile chungu, mama, usije ukalisubiri mpaka mwisho. Idi hii hatuji. Najua umeshawaambia majirani na umeshafua mashuka ya kitanda cha wageni. Nilikuahidi kwamba utamwona Rehema wangu kabla macho hayajafunga, na ahadi hiyo niliipanda shambani pamoja na nyanya. Sasa nyanya hazipo.

Nikueleze vizuri maana wewe ni mkulima, utanielewa kuliko baba Rehema ambaye anajua injini tu. Gereji yake inatupa unga na kodi ya nyumba, basi. Safari ya kuja huko ilikuwa juu ya bustani. Kipande chenyewe tulipewa na bibi mmoja Msamia, jirani yetu, wote tunamwita Kukhu, ndivyo wanavyomwita bibi hapa. Kiko bondeni nyuma ya nyumba yake, udongo mweusi, maji karibu. Hakutaka kodi. Alisema tu nisiache magugu yakamwaibisha. Nikalima ulivyonifundisha: kitalu chini ya kivuli, nyasi kavu kwenye mashina, kila mche na mti wake. Huku hawasemi kulima, wanasema kuchimba, na walipoona nazifungia nyanya miti walinicheka, wakauliza kama ni wagonjwa wanaohitaji mkongojo. Zilipozaa walinyamaza. Wachuuzi wanaopeleka mboga kwa wachimba dhahabu wa Tiira walianza kuja kuziangalia zikiwa bado za kijani, na kabichi zilikuwa zimeanza kufunga. Mama, ungeziona ungenisifu, na wewe husifu ovyo.

Kwanza mvua ilikata. Nikawa nabeba maji kwa ndoo asubuhi na jioni, Rehema nyuma yangu na kikopo chake. Halafu asubuhi moja nikaona majani yamechorwa mistari myeupe, kama mtoto aliyepewa kalamu. Nilijua bila kuuliza mtu. Kanitangaze, kiwavi anayejichimbia ndani ya majani ya nyanya. Yule yule aliyekuvunja moyo mwaka ule kule bondeni kwa mjomba. Sikuchelewa hata kidogo. Nilitafuta dawa, nikaazima bomba la kupulizia kwa Mama Wandera, jirani yangu wa upande wa pili, na kulipokucha nikachanganya dawa. Nilikuwa ndiyo kwanza nalibeba bomba mgongoni niliposikia kilio kutoka nyumba ya Kukhu.

Alikuwa amefariki usingizini.

Huku mama, mtu akifa, hakuna anayeingia shambani kijijini mpaka azikwe. Jembe halitoki ndani. Mimi nilidhani ni kama kwetu, kwamba jioni tutakuwa tumeshamzika na kesho nitapuliza. Lakini Kukhu ni wa kanisani, na mwanawe mkubwa, Barasa, yuko kazini mbali, nchi nyingine kabisa, na mama hazikwi kifungua mimba hajafika. Ikabidi asubiriwe. Sisi wanawake tukawa kwa marehemu kutwa, tunachota maji, tunachambua maharage, tunapokea wageni wa kutoka Tororo. Na mahali pa kupikia palikuwa uani kwa nyuma. Mama, niliketi nikichambua maharage huku naitazama bustani yangu ikiliwa. Kila siku ule weupe ulipanda juu zaidi. Nilikuwa nawaona wale wadudu kwa moyo hata pale macho yalipokuwa hayafiki.

Uvumilivu ulinishinda. Asubuhi moja nilijitwika bomba nikashuka kwa njia ya nyuma. Nilifika kwenye mstari wa kwanza. Mama Wandera alikuwa anatoka kisimani, akanikuta.

"Wewe Mama Rehema, unakwenda wapi na bomba? Kukhu bado iko ndani ya nyumba!"

Nikamwambia sichimbi, napuliza dawa tu, sitagusa udongo.

"Hapana. Kazi ni kazi. Watu itasema huyu mama ya Tanzania amekula shamba ya mzee, sasa hata kulala yake haiheshimu." Kisha akashusha sauti. "Mimi siwezi kusema kwa mtu. Lakini wewe mwenyewe utajua."

Akaniacha hapo. Angenifokea ningepuliza, unajua kichwa changu. Nilisimama nikaangalia nyanya, nikaangalia paa la Kukhu, nikakumbuka alivyokuwa akimwita Rehema aje amlishe ndizi mbivu, akimwita mke mwenzake. Nikalitua bomba. Nikarudi kwenye maharage nikalia, na wenzangu wakadhani namlilia Kukhu. Nilikuwa namlilia, lakini nilikuwa pia nimemkasirikia. Nakwambia ukweli, mama, nilimkasirikia maiti kwa kuchagua siku ile. Mungu anisamehe.

Barasa alifika, tukazika, na kesho yake nikapuliza. Nyanya nyingi zilikuwa zimetobolewa pale kwenye kikonyo, ukikamata moja inakubonyea mkononi. Nikazichuma nikazifukia zote. Hata hivyo kabichi zilikuwa nzima na mistari ya mwisho ya nyanya ilikuwa imepona. Baba Rehema akapiga hesabu zake, akasema labda tuje mimi na mtoto, yeye abaki. Nikafurahi. Nilianza hata kumfundisha Rehema kukuamkia kwa Kisambaa.

Mvua tuliyoiomba ikaja mchana mmoja, na mawe. Ilipiga bati mpaka hatukusikilizana ndani ya nyumba. Haikuchukua muda mrefu, ila ilipokatika nilishuka bondeni nikakuta kabichi zimechanwachanwa, nyanya ziko matopeni na miti yake juu yake. Barafu ilikuwa bado nyeupe kwenye mifereji na Rehema akaiokota akala, akacheka. Sikumkataza.

Na kumbe mvua ya mawe nayo ina mwiko wake: kesho yake hakuna kuchimba. Sikuwa na nguvu hata ya kubisha. Nilikuwa nimekaa uani, sijawasha moto, nikawaona wanawake wanakuja, Mama Wandera mbele, kila mmoja na kitu chake, unga wa muhogo, mboga, kuni. Wakakaa chini kama wanavyokaa matangani. Nikawauliza nani tena amekufa.

"Shamba yako imekufa," Mama Wandera akasema. "Wewe ulikaa na sisi kwa Kukhu. Sisi nakuja kukaa na wewe."

Tukakaa. Barasa naye alipita kabla hajarudi kazini, akasema kipande kile ni changu kulimia kama mama yake alivyotaka. Nimeshukuru. Ila udongo utanipa nyanya nyingine, na macho yako hayatanisubiri, hilo ndilo linaloninyima chakula. Usiniambie ni mipango ya Mungu, nimeshajiambia. Niambie tu kwamba hujanikasirikia.

Nisalimie Shabani na mkewe, shangazi wa kule juu msikitini, na mjomba wa bondeni, mwambie sasa mimi na yeye ni wamoja, sote kanitangaze ametupitia. Baba Rehema anakuamkia sana.

Mama, ndani ya barua hii kuna karatasi nyingine. Shabani asikusomee, haina maneno. Niliweka mkono wa Rehema juu yake nikauchora, kisha nikatoboa kwa sindano kufuata mstari mzima. Ugeuze upande wenye vipele, uweke kiganja chako juu yake, upapase taratibu. Kidole gumba ni kile kilichopinda, kama chako. Kidole cha mwisho kimetoka kirefu kuliko kilivyo, kwa sababu alikuwa anatikisika, ananiuliza kama bibi atamshika kweli.

Nilimwambia ndiyo.

Mwanao,
Zaina