Dadu la Ulimi

Dada Selina,

Nimekukasirikia. Ningeweza kuanza kwa kukutakia pumziko jema kama walivyofanya wote pale msibani, lakini ningekuwa muongo, na wewe ulinijua nikidanganya hata kabla sijafungua mdomo.

Kwanza habari za kwako. Cherehani yako ameichukua mtoto wa dada yako. Meza ya kukatia nguo imebaki, na Jumapili mchana bado tunaizunguka na mchezo wetu wa kuigiza, kila mtu na karatasi ya mhusika wake. Anayesimulia sasa ni Daudi. Ndiyo, huyo huyo. Jumapili ya kwanza tu, mjumbe wangu alifika kwa mfalme kuomba vita visimame. Nikachukua dadu la pande ishirini, lile linaloamua kama jambo limefaulu. Daudi akanishika mkono.

"Unataka kumshawishi mfalme? Basi mshawishi. Sema mwenyewe."

Nikasema mwenyewe. Nilikwama kwenye neno la kwanza mpaka Zawadi akaangalia chini, na mtu mmoja akachekea puani. Daudi akatangaza kwamba mfalme amekataa. Kile kijiji ulichotusimulia mwaka mzima, chenye kisima na yule bibi mfinyanzi, kikachomwa chote kwa sababu mimi nina kigugumizi.

Nilitamani kuipindua meza. Wewe hayo uliyamaliza zamani, siku Daudi alipokubishia kwamba nisirushe dadu, niseme mwenyewe. Ulimwambia, "Zawadi akisema mhusika wake anabeba gogo, mbona humtumi akalibebe? Na ulimi wa mhusika umeandikwa kwenye karatasi yake, kama nguvu zake. Issa atuambie anataka kusema nini, dadu litatuambia amesemaje."

Tena ulikuwa na sheria yako nyingine: anayetaka kumshawishi mkubwa bila kumsalimia, dadu lake linapunguzwa alama mbili. Daudi alipunguziwa kila wiki, akanuna kila wiki. Mimi shikamoo ndilo neno linaloninyonga kuliko yote. Ukaniambia niinamishe kichwa tu, utahesabu nimesema.

Sasa sikia. Baada ya mazishi, mjomba wako alibeba vitu vyako vyote kwenda Chilangala, daftari la mchezo na madadu yakiwamo. Tukasikia anataka kuvichoma, maana kuna aliyemwambia ni vya ramli. Tukaenda, mimi na Daudi. Njia nzima Daudi ananisihi nimwachie yeye maneno. Tulimkuta mzee uani anabangua korosho, na Daudi akaingia moja kwa moja: mzee, sisi tumefuata mizigo ya marehemu. Akaeleza, akapamba, akarudia. Mzee hakunyanyua uso. Maneno yakamwishia Daudi, akabaki amesimama.

Nikainamisha kichwa kama kwenye meza yako. Halafu, sijui kwa nini, nikajaribu. Shi. Shi. Daudi akataka kunimalizia, mjomba wako akamwonyesha kiganja anyamaze. Akaiweka chini korosho aliyoishika, akanitazama, akasubiri. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Neno lilipotoka lote akaitikia taratibu, "Marahaba, mwanangu," akaingia ndani, akarudi na daftari na kimfuko cha madadu.

"Selina aliniagiza kule hospitali," akasema. "Atakuja mmoja atakwama kwenye salamu. Msubiri amalize."

Nilishukuru, nikatoka nje ya ua, nikapiga teke kisiki hadi kidole kikavimba. Kumbe ulijua! Ulilala pale unapanga nani atanisubiri ukishakufa, na mimi kwenye simu ukaniambia ni malaria tu, Jumapili utarudi. Jumapili hiyo nilikuwekea kiti chako, nikapanga karatasi. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini dada, aliyeumbuka ni mimi, niliyekuwa nimekaa na kiti kitupu. Mjomba ulimwambia. Mimi ungeniambia ningekuja. Ningekwama pale mlangoni mwa wodi, ningekwama hata saa nzima, lakini ningekuja. Wewe uliyemzuia kila mtu asinimalizie maneno, ya kwaheri ukanimalizia mwenyewe.

Daftari ninalo. Jumapili ijayo nasimulia mimi. Nimeshamwambia Daudi, ilichukua muda, na safari hii alisubiri. Dadu la ulimi linarudi mezani, na asiyesalimia anapunguziwa mbili, kuanzia na yeye. Kijiji tutakijenga upya. Nakuahidi kwenye meza hiyo hakuna atakayekatishwa neno lake maadamu niko hai. Na kaburi lako nitakuja kulipalilia, ila hasira yangu nitakuja nayo, usitegemee nitanyamaza.

Lala, dada. Kwenye karatasi huwa sikwami, basi pokea ile uliyokuwa ukinihesabia bure miaka yote hii.

Shikamoo.

Issa