Kemia Yangu Imeitikiwa Amina

Leo Jumanne, Nachingwea inachoma. Korosho zinadondoka, mama yuko shambani, na mimi nimerudi kutoka Ruangwa nimenuna kiasi kwamba hata muuza maji wa stendi hakunisemesha.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nilikuwa nasoma ufamasia Sudan, kwa Kiarabu, mpaka vita ikatutoa mbio. Sasa chuo kimoja cha Iran kimekubali nikamalizie kwao. Sharti lao, muhtasari wa masomo niliyosoma utafsiriwe kwa Kiajemi, na mambo ya sayansi yasiharibike. Yakiharibika, naanza upya mwaka wa kwanza. Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa.

Mtu anayejua Kiarabu, Kiajemi na kemia. Haya, mtafute Nachingwea uone!

Mtandaoni ndiyo usiseme. Kila mtu anaweza. Umuulize dawa, anaweza. Umuulize mashine za meli, anaweza. Mmoja alinitumia ukurasa wa majaribio, nikamwonyesha rafiki yangu Muajemi niliyesoma naye. Alicheka mpaka akakata simu. Eti pale panapoelezwa jinsi dawa inavyotoka mwilini, jamaa kaandika jinsi mgonjwa anavyokata roho.

Mwingine alikiri kwamba amezoea kutafsiri vitabu vya dini kwa Kiajemi, mambo ya dawa hayajui. Huyo nikaachana naye hapo hapo.

Basi mjomba akasikia. Kaka yake mama, na kwetu Wamwera mjomba akishasema, wewe ni kubeba begi tu. Akasema ya nini kuhangaika na mitandao wakati ustadhi yupo Ruangwa mjini? Nikamweleza kwamba Kiajemi ustadhi hakijui, na kemia ndiyo kabisa.

“Mpwa wangu,” akasema, “Kiarabu ni Kiarabu.”

Jana nikaenda. Kumbe mjomba ameita watu! Majirani wamejaa kwenye mikeka, ubani unafuka, pilau liko jikoni. Ustadhi akapokea karatasi zangu, akasafisha koo, akasoma. Na anasoma vizuri, jamani, sauti inapanda na kushuka. Alipofika kwenye asidi, bibi mmoja akainua mikono. Alipomaliza sumu zinazoharibu ini, wote wakaitikia amina.

Mungu wangu.

Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikaishia kula pilau. Mjomba anatabasamu, kwake kazi imekwisha.

Ustadhi alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipokuwa mbali na masikio ya mjomba akaniambia: “Binti yangu, kusoma nimesoma. Ila nilichokisoma sikielewi, na mjomba wako hakuniuliza.”

Njia nzima neno hilo limenikera. Nimewahangaikia wanaodai wanajua kila kitu, na aliyeniambia ukweli nikamtupa. Dawa si nazijua mwenyewe? Nilizifanyia mtihani huku mabomu yanalia. Kinachonishinda ni Kiajemi tu.

Nimempigia yule mfasiri wa vitabu vya dini, nikamwomba radhi. Amekubali. Tunaanza kesho alfajiri, yeye na Kiajemi chake, mimi na dawa zangu, mstari kwa mstari.

Mjomba naye kapiga kuuliza safari lini, maana dua imeshasomwa. Nimemjibu kwa adabu kwamba bado kidogo.

Ile amina yao sijaitupa. Ijumaa nitaihitaji.