Mjapani Ndani ya Mwingereza

Dada Zuhura, shikamoo.

Tulikuwa tunawahi harusi ya wifi yangu Kilwa, injini ya gari letu la Kiingereza ikafa hapa Kibiti. Unakumbuka shemeji yako alivyoapa kwamba gari ni la Mwingereza, la Mjapani mchezo wa watoto? Injini iliyopatikana ni ya Kijapani, imetolewa kwenye boti ya kuvulia kamba Salale, na bado inanuka. "Siku hizi kuchanganya ruksa, bwana," fundi akamwambia akiifunga. Mume wangu alinuna mpaka ilipowaka, kisha akalia machozi kabisa kwa furaha. "Usimwambie dada yako," akanisihi. Nikaapa sitasema neno, ndiyo maana nakuandikia.

Harusi tutaiwahi, inshallah. Nibusie wanao wote.

Mdogo wako, Mwajuma